Huduma ya mtaa ikikatwa: tuchangishane, tumbane diwani au tuingie barabarani? Ulinganisho wa mkazi wa Mwanza

Mwangaluka wadau. Ndani ya wiki mbili nimeulizwa swali lilelile na watu watatu, mmoja anauza dagaa, mmoja mwalimu, wa tatu fundi boti, na wote wanaanza vilevile: gari la taka lilikuwa linapita mara mbili kwa wiki sasa linapita likijisikia, au zahanati ilikuwa na nesi wa usiku sasa jua likizama mlango umefungwa, au choo cha sokoni kimepigwa kufuli, ukiuliza unajibiwa hela hakuna, tunabana matumizi, vumilieni. Sasa tufanyeje? Tuchangishane tulipe wenyewe, tumbane diwani, tuingie barabarani, tuwaanike mtandaoni au twende mahakamani?

Nimepita mwenyewe njia tatu kati ya hizo tano na moja naijutia mpaka leo, kwa hiyo naziweka hapa mbilimbili uone ipi inakufaa. Mtaa wangu siutaji na halmashauri siitaji, mwambao huu wa ziwa una halmashauri nyingi na shida zao zinafanana kama dagaa.

Kabla hujachagua njia, jua aliyekata ni nani

Hapa ndo wengi tunapotea. Mtu anamfuata diwani kulia kuhusu mashimo ya barabara ya mtaani, diwani anaitikia kwa kichwa, miezi inakatika. Barabara hizo tangu 2017 ziko kwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini. Maji ya hapa mjini ni MWAUWASA. Zimamoto wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kinachobaki mikononi mwa halmashauri yenyewe ni taka, masoko, machinjio, stendi, makaburi, zahanati na vituo vya afya, shule za msingi na sekondari, na hata hapo mishahara ya watumishi wengi inatoka Hazina, kwa hiyo nesi akihama asiletwe mwingine usikimbilie kusema madiwani wamemkata, hiyo ni habari ya vibali vya ajira huko juu. Gari la taka kukosa mafuta ndo la kwao mia kwa mia.

Na tuwe wakweli, kwenye hiyo "hela hakuna" kuna ukweli ndani yake. Kodi ya kichwa ilifutwa 2003. Kodi ya majengo ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato, 2016 na toka 2021 unakatwa ukinunua umeme wa LUKU. Halmashauri ikabaki na ushuru wa huduma, leseni, ushuru wa soko, stendi na mialo, na humohumo asilimia 10 ni ya mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, afu sehemu nyingine kubwa, kwa kawaida asilimia 40 au 60 kutegemea halmashauri ina mapato kiasi gani, inaagizwa iende miradi ya maendeleo. Umeuona mtego? Kujenga jengo kuna fungu lililolindwa, kuliendesha hakuna. Ndo maana unakuta darasa jipya linapakwa rangi na palepale pembeni ghuba la taka limefurika mpaka bodaboda wanapita kwa kuinua miguu. Panga likishuka linaangukia mafuta ya gari, vibarua wa kufagia, glavu, dawa ya kuoshea choo.

Ukishajua hilo huendi tena kikaoni na "mmekula hela zetu" (labda wamekula, labda hawajala, huna karatasi). Unaenda na swali moja: kifungu cha mafuta ya gari la taka mwaka jana kilikuwa shilingi ngapi na mwaka huu ni ngapi? Hilo swali linamnyima mtu usingizi kuliko matusi yote.

Kuchangishana, na kile ambacho hatukukijua

Kuchangishana ndo wazo la kwanza la kila mtu na naelewa kabisa kwa nini, linafanya kazi kesho asubuhi. Na sisi watu wa huku tuna historia nalo, sungusungu ilianzia huku Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 80, ng'ombe wanaibwa na askari yuko mbali, watu wakajipanga wenyewe. Shule za kata nyingi tu zimesimama kwa mawe na mchanga tuliobeba kichwani. Kwa hiyo mkutano wa mtaa ukiitwa na mtu akasema jamani tutoe buku mbilimbili, yani elfu mbili, kila kaya kwa mwezi, kuna kijana ana guta, mikono inanyooka kabla hajamaliza.

Tulifanya hivyo. Mwezi wa kwanza raha tupu, kijana anapita Jumatano na Jumamosi anapiga filimbi, watoto wanamkimbilia na viroba. Kaya zilikuwa themanini na kitu. Mwezi wa tatu wanaolipa hawafiki hata nusu, mpangaji anasema alipe mwenye nyumba, mwenye nyumba yuko Dar hapokei simu, bibi wa juu kabisa kwenye mawe anasema mimi taka zangu ni maganda ya viazi nampa mbuzi. Na milima yetu unaijua, guta halipandi, kwa hiyo walioko juu wanalipa sawa na walioko chini na bado wanashusha mzigo wenyewe.

Afu ikapiga mvua ya kwanza ya vuli. Asubuhi nimeshuka na jembe kuzibua mfereji maji yasiingie kwa jirani, nakuta viroba vimejipanga kwenye mdomo wa kalavati kama mizigo inayosubiri meli, na kimoja changu. Nilikijua kwa kamba, huwa nafungia kipande cha wavu wa bluu wa kuvulia. Nikakifungua nikakuta daftari la hesabu la binti yangu, jina lake liko juu, wino umechuruzika. Kijana alikuwa hafiki dampo. Na angefikaje? Dampo liko nje ya mji, safari moja kwa guta ni nusu siku, na buku mbili za kaya thelathini na kitu ni kama elfu sabini kwa mwezi mzima, hapo hajala hajaziba pancha. Alikuwa anamwaga usiku korongoni, mvua inashusha mtoni, mto unapeleka ziwani, na ziwani ndo maji yetu yanakotoka. Nilimwita nikiwa nimejiandaa kugomba, nikaishia kumpa chai.

Lakini hilo silo ninalojutia. Kubaya kulikuja tulipokwenda kwa mtendaji kulalamika gari la halmashauri halipiti kabisa sasa. Akafungua daftari lake, akatuangalia, akasema kwa upole tu: nyie mbona mna utaratibu wenu? Yani mchango wetu ndo ukageuka ushahidi kwamba sisi hatuna shida. Mwaka uliofuata mtaa wetu haukuwepo hata kwenye ratiba ya gari. Tulijikata wenyewe jamani, kwa hela yetu.

Kwa hiyo ukilinganisha kuchanga na kudai usiangalie wiki hii peke yake. Kuchanga kunaleta nafuu kesho na kunafuta deni la halmashauri kimyakimya. Kudai kunakuacha na uchafu miezi mitatu minne lakini deni linabaki lina jina la mtu. Na wanaoumia kwenye kuchanga ni walewale wasio na buku mbili.

Wazee wa mjini wanakumbuka kubwa zaidi ya hili. 1972 serikali za mitaa zilifutwa, mabaraza ya miji nayo yakaondoka, kazi zikahamishiwa kwa watu wa serikali kuu mikoani, ikadhaniwa mambo yatakwenda tu. Haikuchukua muda mitaro na taka na maji vikaharibika mijini, kipindupindu kikaingia, na 1978 serikali yenyewe ikarudisha mabaraza ya miji kwa sheria ya mpito, hata ile sheria kubwa ya miji ya 1982 ilikuwa bado haijaja. Hakuna mtaa uliochanga ukaokoa mji mzima kipindi kile, kilichorudishwa ni chombo chenye wajibu.

Kuchanga kuna mahali pake, sikatai. Kalavati limeziba leo na wingu limeshatanda upande wa Ukerewe, chukueni majembe msisubiri kikao. Kitu cha mara moja, sawa. Ila mkichanga kwa huduma ya kila wiki, angalau iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa kwamba ni kwa muda, mpaka tarehe fulani, na kwamba mtaa unaendelea kudai huduma yake. Mstari mmoja tu. Sisi hatukuuandika.

Vikao au barabara

Watu wanaziona hizi njia kama ya waoga na ya majasiri. Mi naona tofauti yake ni nyingine: barabara inaweza kusimamisha kitu, vikao vinaweza kuendelea kulipia kitu. Gari la taka linataka dizeli kila wiki, mwaka baada ya mwaka.

Njia ya vikao inakwenda hivi. Mkutano wa mtaa unatoa hoja, mwenyekiti wa mtaa anaipeleka Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile KAMAKA, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa wote ni wajumbe, pale ikipita inapanda kwenye kamati za halmashauri, Fedha na Utawala ndo yenye mkia mrefu, mwisho Baraza la Madiwani linalokaa kila robo mwaka. Inachosha? Inachosha kishenzi. Utakaa kwenye benchi saa nne mpaka saa nane ukisubiri akidi itimie. Utasikia "tumelipokea" mpaka neno lipoteze maana.

Ila hii njia ina tundu moja la kupitia na tundu lenyewe ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mapendekezo ya mitaa na kata yanakusanywa kuanzia Novemba, Desemba hivi, halmashauri inapitisha bajeti yake mara nyingi kati ya Januari na Machi, na kuanzia Aprili mambo yako bungeni Dodoma. Sisi mara ya kwanza tulikwenda mwezi wa tano. Wa tano! Tumevaa vizuri, tuna barua, tuna sahihi sitini, diwani akatupokea na soda na akatuambia ukweli ambao nashukuru alituambia, kwamba bajeti imeshaondoka, hata akitaka kusaidia hana pa kuchomeka. Kwa hiyo mtu akiniuliza vikao vinafaa, namuuliza huu mwezi wa ngapi. Novemba mpaka Februari vikao vinashinda kila kitu. Baada ya hapo unaomba huruma au unasubiri mapitio ya nusu mwaka pale vifungu vinapohamishwa.

Barabara je? Katiba ibara ya 20 inakupa uhuru wa kukusanyika, sheria ya polisi inataka taarifa saa 48 kabla kwa mkuu wa polisi wa eneo, na polisi wana uwezo wa kuzuia. Hiyo ni karatasi. Tuliyoyaona kwenye maandamano ya uchaguzi Oktoba 2025 kila mtu anayajua na wengine bado wana msiba, kwa hiyo mi siwezi kukaa hapa nyuma ya simu nikamwambia mtoto wa mtu aingie barabarani kwa ajili ya ratiba ya gari la taka. Angalia na jirani zetu ng'ambo ya ziwa, Juni 2024 vijana waliingia barabarani mpaka Kisumu kupinga muswada wa fedha, Juni 26 Rais Ruto wa Kenya akatangaza hausaini, ushindi mkubwa, na watu walikufa. Afu pengo la hela lililobaki serikali ikalijibu kwa kukata matumizi. Sisemi walikosea kuandamana. Nasema barabara ilizuia kodi, haikuweza kukaa kwenye meza kuchagua kipi kikatwe.

Kuna mfano wa zamani naupenda sana kwa sababu unazichanganya hizi mbili. Poplar, mtaa wa maskini mashariki ya London, mwaka 1921. Baraza lao lilikuwa linatakiwa likusanye hela kwa wakazi ipelekwe kwa mamlaka kubwa za London, na wakati huohuo lina wasio na kazi wengi wa kuwasaidia kuliko mitaa ya matajiri, ambayo ilikuwa na maskini wachache na hela nyingi. Madiwani wakiongozwa na George Lansbury wakasema hatukusanyi ya kupeleka juu, hatukati msaada wa watu wetu. Mahakama ikawaamuru, wakagoma, madiwani 30 wakaenda jela, wanawake nao wamo, na wananchi wakawasindikiza. Baada ya kama wiki sita wakatoka, na mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili mitaa tajiri ichangie mzigo wa mitaa maskini. Sitegemei diwani wangu alale jela kwa sababu ya kiroba changu, tusidanganyane. Lakini pale watu walikuwa nyuma ya madiwani na madiwani walikuwa na hoja ya mgawanyo: mnatutoza sawa na hatuko sawa. Hoja hiyo ipo hapa pia, kata ya milimani na kata ya tambarare hazihitaji magari sawa, na anayeweza kuisema ndani ya ukumbi ni diwani.

Mwingine ni wa Brooklyn, New York, 1975, jiji limeishiwa karibu lifilisike, likaanza kufunga vituo vya zimamoto. Kwenye eneo moja la Williamsburg wakaambiwa gari lao, Engine 212, linaondoka. Wakazi wakaingia kituoni wakakaa. Yani wakahamia, wanapokezana kulala, zaidi ya mwaka, mpaka jiji likakubali kulirudisha. Hawakuandamana Jumamosi moja wakarudi nyumbani na fulana, walilinda kitu kimoja kinachoonekana, gari, kwa zamu.

Huko tuwaachie wenyewe, kuvamia jengo la serikali hapa sikushauri. Lakini kuna kitu katikati ya kikao na barabara ambacho watu hawakitumii: mkutano wa Baraza la Madiwani ni wa wazi. Unaingia, unakaa viti vya nyuma, huruhusiwi kuchangia, unasikiliza. Huandamani, ni mwananchi anayehudhuria kikao chake. Mwaka wa pili tulienda, tulipanga twende arobaini tukafika kumi na mmoja, mvua ilikuwa inanyesha na akina mama wawili walikuwa na mzigo wa samaki hauwezi kulala. Tulikaa mstari mmoja, mama ntilie wetu katikati na kanga yake yenye matope bado kwenye pindo maana alishuka mlimani kwa miguu. Hatukusema neno. Diwani wetu, ambaye miaka yote ni mtu wa "naunga mkono hoja", akageuka nyuma akatuona, akakohoa, akasimama akaomba ufafanuzi kuhusu kifungu cha mafuta na vibarua wa usafi. Dakika tano tu. Mkurugenzi akaahidi kulileta kamatini.

Tulichopata ni gari mara moja kwa wiki, sio mbili. Bado tunalo.

Kelele au karatasi

Kelele maana yake redio, grupu za WhatsApp, picha za ghuba linalotoa funza. Karatasi maana yake barua.

Kelele ni haraka kuliko zote. Piga simu kipindi cha asubuhi redioni, taja mtaa, taja siku gari lilipopita mwisho, mchana kuna gari. Tatizo ni kwamba linakuja gari la siku moja tu la kutuliza kelele, likishabeba limeondoka na umeondoka na hasira yako, wiki ya tatu mmerudi palepale na mtangazaji ameshahamia habari nyingine. Kelele inafaa kwa hatari ya leo: kipindupindu kimetajwa, nyaya ziko chini, shimo limeachwa wazi mbele ya shule. Na mtandaoni uwe makini, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina utani na taarifa za uongo, kwa hiyo piga picha, weka tarehe, andika ulichokiona, ishia hapo. "Afisa fulani kala milioni kadhaa" kama huna hati, usiandike hata kama mtaa mzima unasema. Na grupu lenyewe linaweza kuzimika siku mnayolihitaji, intaneti ilipokatwa Oktoba 2025 grupu letu la watu mia mbili lilikuwa kama halipo, tuliopatana ni wale tuliokuwa na namba za kawaida na wale tunaokutana kisimani.

Karatasi ni polepole ila inajijenga. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Sasa usiombe "taarifa za usafi", utaletewa hotuba. Omba vitu vitatu: kiasi kilichotengwa kwa mafuta na vibarua wa usafi mwaka uliopita na mwaka huu, kiasi kilichotumika mpaka sasa, na ratiba ya magari kwa kila kata. Peleka nakala mbili, ya kwao na ya kwako, na usitoke pale masjala mpaka ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Dada wa masjala atakwambia "acha tu tutakupigia". Tabasamu, sema asante dada yangu, naomba muhuri. Mi nilisimama pale kama nimeota mizizi.

Jibu likija umepata namba. Lisipokuja ndani ya siku 30 umepata pia, maana sasa diwani ana la kusema kwenye kikao, wananchi wangu waliandika tarehe fulani hawajajibiwa, na hilo ni jepesi kwake kuliko kusema halmashauri ni mbovu, hasa kama chama ni kimoja ukumbi mzima. Ongeza ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, inayotoka kila mwaka Aprili, humo mna madai ambayo halmashauri hazijakusanya na makusanyo ambayo hayakupelekwa benki, na mkurugenzi akisema hela hakuna unauliza hizi za ukurasa huu je.

Ukiniambia nichague moja nachagua karatasi, kelele naiweka akiba.

Mahakama

Fupi. Kuishtaki halmashauri kunataka notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, unakwenda Mahakama Kuu, na wakili anataka chake. Kuna mapitio ya kimahakama kama uamuzi umekiuka sheria, hayo yana muda wake wa kuomba kibali na unahitaji mwanasheria akuangalizie mapema. Kwa gari la taka, sahau. Kwa soko linalotaka kuvunjwa au zahanati inayofungwa moja kwa moja bila kikao chochote kuamua, hapo nenda kwa kituo cha msaada wa kisheria kabla hujafanya kingine.

Sasa nimjibu kila mtu wake

Muuza dagaa, choo cha sokoni kimefungwa. Wewe uko vizuri kuliko wote na hujui. Soko linalipa ushuru kila siku, mna mkono kwenye bomba lenyewe. Sisemi mgome kulipa, mtafungiwa vizimba kesho yake. Kusanyeni stakabadhi za mwezi mmoja, jumlisheni mlicholipa, weka pembeni bei ya kumlipa mtu mmoja wa kusafisha choo na maji yake, pelekeni hizo namba mbili kwenye ukurasa mmoja kwa kamati ya soko na diwani. Msichange kumlipa huyo mtu. Najua harufu, najua wateja wanakimbia. Kama ni lazima mchange, wekeni iwe wiki mbili tu, kwa maandishi.

Mwalimu, nesi wa usiku. Kwako kuchangishana hakupo kabisa, huwezi kumwajiri nesi kwa buku mbili. Diwani peke yake hatoshi pia kwa sababu ajira sio zake. Ila zahanati ina kamati yake ya usimamizi yenye wajumbe wa wananchi, anzia hapo, uliza kama kuna nesi wa pili kwenye ikama, yani idadi ya watumishi waliopangiwa zahanati, na yuko wapi, maana mara nyingine mtu yupo ila kaazimwa kituo kingine, na hilo halmashauri inaweza kulirekebisha bila shilingi ya ziada. Kama hayupo kabisa barua inakwenda kwa mkurugenzi na nakala kwa mbunge, maana mbunge ndo ana mdomo Dodoma. Na usiku wa leo mama akishikwa uchungu, tafuteni bajaji ya zamu na namba ya dereva ibandikwe mlangoni pa zahanati, hii nayo ni kuchanga, lakini ni ya kuokoa roho, hesabu yake nyingine.

Fundi boti, gari la taka. Wewe na mimi ni walewale. Angalia mwezi. Kama ni Novemba na KAMAKA ya kata yako haijakaa bado, mwenyekiti wako wa mtaa ana nafasi ya kupeleka hoja moja na wengine watamletea kumi, kwa hiyo mwandikie wewe, nusu ukurasa, aisome kama ilivyo. Siku gari lilipopita mwisho. Kaya ngapi ziko juu ambako guta halipandi. Mnaomba siku ngapi kwa wiki. Barua ya kuomba taarifa ipeleke wiki hii ili siku 30 ziishe kabla ya Krismasi. Na kabla ya yote muulize kijana wenu wa guta anakomwaga, nenda naye, usimuulize mbele za watu.